Meza

Meza yetu ilizaliwa Barabara ya Kumi na Tatu, Ngamiani,
kwa mbao za mvule zilizobaki kwenye mlango wa mtu.
Baba, Fundi Semkiwa, hakuwa na pesa ya misumari,
akaiunga kwa vijiti, gundi na matusi.
Mguu mmoja ulitoka mfupi.
Tukauwekea kipande cha kandambili,
na kipo hadi leo, cha buluu.

Darasa la tano, Mwalimu Kiondo alituambia
neno hili lilishuka pwani na Wareno,
pamoja na leso, na mvinyo, na gereza
(na gereza kwao lilikuwa kanisa, akasema,
akacheka peke yake).
Nilirudi mbio. "Baba, meza si yetu!"
Baba akaigonga kwa kifundo cha kidole.
"Mreno gani aliyenilipia mbao?"

Lakini lile jingine, la koo,
halikushuka kutoka chombo chochote.
Lilikuwepo kabla mtu hajaanza kukumbuka,
tangu mtoto fulani alipopewa uji
na mamake akafungua mdomo wake mwenyewe
kumwonyesha.
Bibi zetu walimeza wameketi mkekani,
sinia katikati, magoti yakigusana,
vizazi kwa vizazi, bila meza.
Ni maneno mawili yaliyovaa kanzu moja.
Si ndugu. Hayakuwahi kuulizana habari
mpaka yalipokutana nyumbani kwetu.

Maana mezani walikula wageni.
Mama, Bi Mwanatumu, alikula jikoni,
amekalia mbuzi
(wa kukunia nazi, si wa kuchinja),
bada na kisamvu kwenye kifuniko cha sufuria.

Shangazi akirusha neno, Mama alimezea.
Baba akirudi ananuka mnazi, alimezea.
Mwaka ule kiwanja chetu kilipopata namba mpya
na jina la mtu mwingine,
karani aliweka kiwiko juu ya meza
na kiganja chini ya meza.
Mama akatazama kiwiko, kisha kiganja,
akameza fundo la mate,
akafungua pindo la leso.
Siku hiyo Wareno walikuwa wawili mle ofisini.

Mimi nilimeza madaftari.
Nilimeza tarehe, mito, makundi ya damu,
nikavitapika kwenye mtihani
na sikubaki na hata mto mmoja.

Alichomeza yeye kilibaki.

Sasa koo lake limegoma. Kiharusi,
walisema Bombo, kimeshika upande wa kushoto.
Nesi, binti wa Lushoto mwenye sauti ya kubembeleza,
alimwinua kidevu: "Meza, mama. Meza kidogo."
Uji ukarudi kwa pembe ya mdomo.

Nimemleta nyumbani. Nimemkalisha mezani,
kwenye kiti cha mgeni.
Nimekoroga uji wa ulezi, mzito, kama walivyoagiza.
Napeleka kijiko. Nafungua mdomo wangu mwenyewe
kumwonyesha.

Hanitazami mimi. Anatazama mbao.
Mkono wa kulia unapapasa ukingo,
unatafuta pale randa ya Baba iliporuka,
unapapata, unatulia.
Midomo inahangaika. Linatoka nusu:
"Me—"
na sijui anataka lipi,
kama anaitaja hii ya mvule,
au anajiamuru mwenyewe,
au ananiambia mimi, mezea, mwanangu,
kama alivyoniambia miaka yote.

Kandambili ya buluu imechomoka.
Meza inayumba, uji unamwagika.
Nainama kuirudisha,
na nikiwa huko chini, kipande mkononi,
nasikia juu yangu
koo likifanya kazi.